Nyumba inayoshikwa na nanga: maisha ndani ya mashua za Richardson Bay, Marekani

Kwa miaka mingi, watu wasio na uwezo wa kulipa nyumba katika moja ya wilaya tajiri sana za Marekani wamelala ndani ya mashua za tanga zilizotia nanga karibu na San Francisco. Makubaliano ya mwaka wa 2021 yanasema kwamba mashua hizo zote ziwe zimetoka kufikia tarehe 15 Oktoba 2026. Nyuma ya tarehe hiyo kuna mambo mawili ambayo wakaaji wa kando ya Tanganyika na Kivu wanayajua vizuri: mahali ambapo mtu analala, na mahali ambapo samaki anatagia mayai.

Ukitoka San Francisco na kuvuka daraja la Golden Gate kuelekea kaskazini, mji wa kwanza unaouona upande wa kuume, chini kando ya maji, ni Sausalito. Uko katika wilaya ya Marin, jimbo la California. Mbele ya mji huo kuna ghuba ndogo inayoitwa Richardson Bay, ambayo ni kama mkono mmoja wa ghuba kubwa ya San Francisco.

Milima inaikinga ghuba hiyo na upepo wa bahari kuu. Maji yake hayana kina kirefu, na matope ya chini yanashika nanga vizuri. Kwa sababu hizo tatu mabaharia wameipenda tangu zamani. Jina lake linatoka kwa William Richardson, baharia Mwingereza aliyefika huko mwaka wa 1822, wakati California ilikuwa mikononi mwa Mexico.

Mtu anayesimama kando ya barabara anaona mashua za aina mbili. Za kwanza zimefungwa kwenye magati ya mbao. Hizo zina maji ya robine, zina umeme, na wenyewe wanalipa kila mwezi. Za pili ziko mbali zaidi, katikati ya maji, bila gati wala daraja, kila moja imeshikwa na nanga yake. Hizo ndizo zinazozungumziwa hapa. Nyingi ni mashua za tanga zilizozeeka, za futi 25 mpaka 30, zenye mlingoti lakini ambazo tanga lake halijapandishwa siku nyingi. Karibu na mwaka wa 2019 vyombo vilivyotia nanga humo vilikaribia 200. Tangu hapo hesabu imeshuka mpaka makumi machache.

Siku moja juu ya maji

Mashua ya futi 30 ina urefu wa mita 9 hivi, na upana wake katikati ni kama mita 3. Ndani yake mtu mrefu anasimama wima katikati tu. Mbele na nyuma anainama. Kitanda, jiko la gazi, meza, vyombo vya kazi, nguo na chakula vyote vinakaa humo. Kitu kisichokuwa na mahali pake kinaanguka mashua inapoyumba, kwa hiyo kila kitu kinafungwa au kinawekwa ndani ya sanduku.

Umeme unatoka kwenye vibao vya jua vilivyofungwa juu ya mashua, na unawekwa ndani ya batri. Unatosha kwa taa, telefone na redio. Ukungu wa Golden Gate unapofunika ghuba, au siku zinapokuwa fupi wakati wa baridi, batri hazijai. Hapo mtu anachagua: taa ya usiku au pampu ya kutoa maji yanayoingia chini ya mashua. Mwenye akili anachagua pampu, kwa sababu mashua ya zamani hupitisha maji kidogo kidogo, na mashua isiyotolewa maji inazama polepole wakati mwenyewe amelala.

Maji ya kunywa yanaletwa kwa bidoni. Maji ambayo mashua inaelea juu yake ni ya chumvi, hayanyweki wala hayapikiwi. Bidoni ya litre 20 ina uzito wa kilo 20. Inajazwa kwenye nchi kavu, inateremshwa ndani ya mtumbwi mdogo, inavushwa kwa makasia, kisha inapandishwa juu ya ubavu wa mashua huku mtumbwi na mashua vinacheza. Mama wa Goma anayepanda na bidoni kutoka kando ya ziwa anaijua kazi hiyo. Tofauti ni kwamba yeye anasimama juu ya jiwe lisilosogea.

Choo nacho ni shida. Tangu mwaka wa 1987 ni marufuku kumwaga uchafu wa choo ndani ya Richardson Bay. Mashua inapaswa kuwa na tanki, na tanki hiyo inanyonywa na chombo maalumu au kwenye gati. Takataka, batri zilizokufa na mafuta machafu vinapaswa kurudishwa nchi kavu. Kuna wanaofanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, na kuna ambao hawakufanya hivyo. Jirani za nchi kavu wamewalalamikia wote kwa pamoja.

Kitu kidogo kuliko vyote ndicho muhimu kuliko vyote: ule mtumbwi wa kuvukia. Kwa mtumbwi huo mtu anaenda kazini, dukani, kuoga, kwa daktari. Ukiibwa wakati yuko nchi kavu, hawezi kurudi nyumbani. Ukikatika kamba usiku, hawezi kutoka. Na upepo ukipanda alasiri, safari ya dakika kumi na tano inageuka kuwa saa nzima ya kupiga makasia, nguo zikiwa zimelowa. Kuna waliozama katika safari hiyo fupi, zaidi usiku.

Ni watu gani wanaishi hivyo? Si wa aina moja. Kuna wazee wanaoishi kwa pensheni ndogo, mafundi wa mashua na wa nyumba, wasanii, na mabaharia waliokuja kupumzika wiki moja wakabaki miaka ishirini. Kuna pia waliopoteza nyumba au ndoa na wakaona mashua ya zamani, ambayo mara zingine inatolewa bure, ni afadhali kuliko kulala ndani ya gari. Mashua inatolewa bure kwa sababu kuivunja na kuitupa kunagharimu feza nyingi kuliko bei yake. Kwa njia hiyo mwenye mashua mbovu anajitua mzigo, na maskini anaupokea.

Jirani anayezunguka

Kuishi katika nanga yenye watu wengi si sawa na kuishi katika mtaa wenye watu wengi. Nyumba za mtaani hazisogei. Mashua iliyotia nanga inazunguka usiku na mchana.

Ili nanga ishike, haitoshi kuiteremsha mpaka chini. Mnyororo unapaswa kulala chini kwa urefu, ili uvute nanga kwa ubavu na kuizamisha ndani ya matope. Mabaharia wanahesabu urefu wa kamba na mnyororo mara tano au saba ya kina cha maji. Penye mita 3 za maji, hiyo ni mita 15 mpaka 21. Kwa hiyo kila mashua inahitaji duara lake la kuzungukia, na duara hilo ni kubwa kuliko uwanja wa nyumba nyingi za Bukavu.

Maji yanapopanda na kushuka, mashua zote zinageuka. Lakini hazigeuki pamoja. Mashua ya tanga yenye mkono mrefu chini ya maji inafuata mkondo. Chombo cha mota chenye nyumba ndefu juu kinafuata upepo. Mkondo ukienda huku na upepo ukitoka kule, jirani wawili waliolala mbali wanaamka wakigusana. Ndiyo sababu kuna desturi ya mabaharia inayoheshimiwa karibu kila mahali: aliyefika kwanza amechagua mahali pake, na anayekuja nyuma ndiye anapaswa kukaa mbali.

Hatari kubwa iko wakati wa baridi. Milima inazuia upepo wa magharibi, lakini zoruba za miezi hiyo zinatoka kusini-mashariki, upande ambao ghuba imefunguka. Nanga moja ikiteleza, mashua yake inashuka na upepo, inanasa mnyororo wa jirani, na sasa ni mashua mbili zinazoteleza, kisha tatu. Asubuhi zinakutwa zimelala ubavu kwenye matope au zimepasuka juu ya mawe. Usiku kama huo hakuna anayelala. Wengine wanaweka telefone ipige kengele mashua ikisogea kutoka mahali pake. Wengine wanakaa juu, tochi mkononi, wakiwatazama jirani. Katika usiku huo watu wa nangani wanasaidiana, hata wale ambao mchana hawasemeshani.

Mji uliozaliwa na mabaki ya vita

Desturi hiyo ya kuishi juu ya maji ina historia. Mwaka wa 1942, wakati wa vita vya pili vya dunia, kiwanda cha meli kinachoitwa Marinship kilijengwa Sausalito. Kabla ya kufungwa baada ya vita, kilikuwa kimetengeneza meli 93. Wafanyakazi walipoondoka, waliacha nyuma mbao, vyuma, vyombo vidogo na eneo la matope ambalo hakuna aliyelitaka. Watu wenye feza kidogo walianza kujenga nyumba zinazoelea kwa mabaki hayo.

Katika miaka ya 1960 waliwafuata wasanii na vijana waliokataa maisha ya kawaida. Otis Redding, mwimbaji Mmarekani anayejulikana duniani kote, alianza kutunga wimbo wake kuhusu mtu anayekaa gatini akiwa Sausalito, mwaka wa 1967, miezi michache kabla ya kufa katika ajali ya ndege.

Miaka ya 1970 ilikuwa ya vurugu. Viongozi walitaka kuondoa nyumba hizo, na wakaaji walizuia wakiwa ndani ya mitumbwi. Mwishowe nyumba nyingi zilikubaliwa kwa sheria, zikafungwa kwenye magati yenye maji na umeme. Leo mamia ya nyumba hizo ziko pale, na zingine zinauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Kimbilio la maskini limekuwa mtaa wa matajiri. Wale ambao hawakupata nafasi kwenye magati, au waliokuja nyuma, walibaki nje, juu ya nanga.

Sheria iliyolala

Mwaka wa 1985, wilaya ya Marin na miji inayozunguka ghuba iliunda chombo cha pamoja cha kusimamia maji hayo. Kanuni yake ilikuwa wazi: chombo kinachopita kinaweza kutia nanga kwa saa 72, zaidi ya hapo kinahitaji ruhusa. Lakini kwa miaka mingi kanuni hiyo haikutumiwa sana. Mashua zilikuja, zikakaa, zikauzwa, zikazama, na zingine zikachukua mahali pake. Mji wa Sausalito ulitoka katika chombo hicho mwaka wa 2017, na ukaanza kuondoa mashua zilizokuwa upande wake wa maji.

Mwaka wa 2019, mkaguzi wa hesabu wa jimbo la California alitoa ripoti kali dhidi ya tume inayolinda ghuba ya San Francisco. Alisema tume hiyo ilishindwa kutumikisha sheria na kuacha ghuba iharibike, na Richardson Bay ilikuwa moja ya mifano yake. Baada ya hapo shinikizo lilipanda. Mnamo Agosti 2021 makubaliano yalifanywa: mashua zilizokuwa juu ya eneo la majani ya bahari zitoke kufikia Oktoba 2024, na zote zilizobaki kufikia tarehe 15 Oktoba 2026.

Hoja ya sheria ni fupi. Maji ya ghuba ni mali ya raia wote. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kuyafanya kiwanja chake cha kuishi. Wanaotetea wakaaji wa mashua wanajibu kwamba baharia ametia nanga katika maji ya watu wote tangu zamani, na kwamba kumtoa mtu bila kumpa mahali pa kwenda ni kuongeza mtu mmoja barabarani.

Majani yenye kulisha samaki

Chini ya mashua kuna jambo ambalo limebadilisha mabishano haya. Richardson Bay ina moja ya mashamba makubwa ya majani ya bahari katika ghuba nzima ya San Francisco. Wataalamu wanayaita Zostera marina. Yana mizizi na maua kama mimea ya nchi kavu, na majani yake marefu yanafanana na utepe wa kijani. Samaki wadogo wanajificha ndani yake. Ndege wa maji wanakula humo.

Zaidi ya yote, wakati wa baridi samaki wa aina ya hareng wanaingia kutoka bahari kuu kwa makundi makubwa na kubandika mayai yao juu ya majani hayo. Hareng ni ndugu wa mbali wa ndagala wa Tanganyika, na wa sambaza ambao walitolewa Tanganyika na kuwekwa Kivu karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Mvuvi wa Kalemie haitaji maelezo marefu: mahali pa kutagia pakiharibika, wavu unarudi mtupu.

Sasa tukumbuke ule mnyororo unaolala chini. Mashua inapozunguka, mnyororo unafagia chini kama fyeko. Unang'oa majani na mizizi, na unaacha duara tupu la matope. Picha zilizopigwa kutoka angani zinaonyesha maduara hayo moja kando ya lingine, kama upele juu ya ngozi ya kijani. Kwa hiyo nanga inayomshikilia mtu asipotee usiku wa zoruba ndiyo hiyo inayochimba shamba la samaki. Ni vigumu kumpata mkosaji katika habari hii. Mtu aliyeshusha nanga alitafuta mahali pa kulala, na majani yaliyokufa hayana sauti ya kujitetea.

Kuna njia ya kati inayotumiwa katika bandari zingine za dunia: kamba inayoelea, iliyofungwa kwenye msumari mkubwa uliozamishwa chini, bila mnyororo wa kuburuta. Njia hiyo inapunguza uharibifu. Lakini haijibu swali la sheria kuhusu mtu kuishi daima juu ya maji ya umma, na makubaliano ya 2021 yalielekea kwenye kuondoa mashua, si kuzipangia.

Kutoka majini, kuingia wapi?

Njia ya kwanza ni gati. Lakini kanuni za ghuba ya San Francisco zinaweka mpaka: katika bandari ya mashua, nafasi za watu wanaolala humo hazizidi sehemu 10 kwa 100. Nafasi hizo hujaa haraka, na mashua iliyochoka haipokelewi.

Njia ya pili ni kuuza. Chombo cha kusimamia ghuba kimekuwa kikinunua mashua kwa dola 150 kwa kila futi, kisha zinavunjwavunjwa. Kwa mashua ya futi 30 hiyo ni dola 4 500. Kwa bei ya kupanga nyumba wilayani Marin, feza hizo zinaisha katika miezi michache, na mwenyewe hana tena mashua.

Njia ya tatu ndiyo yenye matumaini. Mwaka wa 2023 jimbo la California lilitoa dola milioni 3 kwa ajili ya kuwapangia nyumba watu wa nangani. Feza hizo zinawalipia sehemu kubwa ya kodi wakati wanatafuta kusimama wenyewe. Tangu hapo baadhi ya watu wamehamia katika vyumba vyenye mlango, robine na choo. Kazi haiishii kwenye kulipa. Kunahitajika mwenye nyumba anayekubali mpangaji aliyetoka majini, karatasi ambazo wengine walizipoteza zamani, na mtu wa kuwasindikiza.

Kilichotokea bila maandalizi kinaonekana pia. Tangu mwisho wa 2020, baadhi ya watu waliopoteza mashua walipiga mahema katika bustani ya umma ya Sausalito. Mji uliwahamisha, kesi ikafika tribinali, na mwaka wa 2022 ilimalizika kwa mapatano: karibu watu 30 walikubali kutoka, kila mmoja akipewa mpaka dola 18 000 za kumsaidia kupata nyumba. Feza hizo zilitolewa nyuma ya miezi mingi ya matope, moto na kesi.

Funzo kwa kando ya maziwa yetu

Huku kwetu watu hawaishi ndani ya mashua za tanga. Lakini wakaaji wa Uvira na Kalemie ambao nyumba zao ziliingiliwa na maji ya Tanganyika yaliyopanda miaka hii wanajua maana ya kuambiwa kwamba mahali unapolala hapafai tena. Wanajua pia tofauti kati ya kuambiwa «toka» na kuambiwa «toka, uende hapa».

Habari ya Richardson Bay inaonyesha kwamba sheria inayolala miaka thelathini inaamka na gharama kubwa. Kama saa 72 zingeheshimiwa tangu 1985, mashua zisingefika 200, na majani yasingeng'olewa kiasi hicho. Kama nyumba za bei ya chini zingejengwa wilayani Marin, wengi wasingetia nanga hata siku moja. Uzembe huo wote umewaangukia wale ambao hawana kitu kingine isipokuwa mashua ya futi 30.

Chini ya maji, kazi imekwisha anza. Watafiti wa chuo kikuu cha jimbo, San Francisco State University, wanasaidia kupanda upya majani katika maduara yaliyobaki tupu. Mahali ambapo mnyororo umeondolewa, mizizi inaweza kurudi polepole, msimu baada ya msimu. Kwa watu waliokuwa juu yake, hesabu ni rahisi kufuatilia: ni wangapi kati yao wamepata ufunguo wa chumba, na ni wangapi wamebaki na mtumbwi tu.